Mgeni Hana Saa

Nipeni masikio, na mwenye usingizi alale sasa hivi, maana nikishaanza sirudi nyuma kumsubiri mtu. Habari ninayowapa ni ya Bi Mize Makame, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke ambaye akipita penye chungu cha jirani lazima aulize kinachochemka, na akiambiwa ni maharage atauliza yametoka wapi. Huyo ndiye aliyefika nchi ya Usawia. Alifikaje? Msinichoshe. Alifika, basi, na alifika alasiri, na kitu cha kwanza alichokiona ni mnara.

Mnara wenyewe haukuwa mrefu. Ulisimama nje kidogo ya lango la mji, rangi yake ya samawati imebanduka, na kila baada ya muda ulitoa mlio mdogo, mfano wa mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba radhi. Chini yake palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka alikaa mwanamume wa makamo, kanzu mpya, miguu imeoshwa, kofia imekaa sawasawa kichwani. Ungesema bwana harusi, ila uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Mapajani alipakata kikasha cha kukunja, kinachofunguka kama kitabu na kuwaka kwa ndani, hakina tofauti kubwa na hizi kompyuta za mkononi tunazotembea nazo sisi.

"Shikamoo, mama," akasema yule bwana.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa hivyo na umekaa hivyo?"

Mtu yule alicheka kicheko kisicho na raha. Alisema anaitwa Fumo. Akanyoosha kidole kwenye nyumba iliyoegemea ukuta wa mji kwa ndani, yenye dirisha la kijani lililochungulia juu ya ukuta. "Pale ni kwangu. Mke wangu yumo ndani, na mtoto wangu yumo ndani. Leo mtoto anapewa jina, kabla ya jua kuzama. Na mimi nimekatazwa kuingia."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kuwa saa saba."

Bi Mize akamtazama, akatazama jua, akatazama kivuli chake mwenyewe kilivyojinyoosha barabarani. Saa yake ya mkononi ilikwisha betri tangu safarini, lakini mtu aliyefundisha watoto habari za jua maisha yake yote hadanganyiki kirahisi. "Sasa hivi ni saa kumi," akasema.

"Ni saa kumi kwa jua," akajibu Fumo. "Kwangu mimi ni saa saba." Akageuza kikasha amwonyeshe. Kweli, uso wa kikasha ulisema saa saba, kwa maandishi makubwa, bila haya.

Hapo ndipo Bi Mize alipovua viatu, akaketi mkekani, akasema neno ambalo wanafunzi wake wa zamani wanalijua vizuri: "Haya, anza mwanzo."

Mwanzo ulikuwa hivi. Katika nchi ya Usawia kila mtu hupewa kikasha siku anayopewa jina, na hakiachi mpaka anakufa. Mlango wa mji, wa ofisi, wa soko, hata wa nyumba yako mwenyewe, una bawabu au una kikasha kilichowekwa mahali pa bawabu, na mlango hukuuliza mambo matatu: jina lako, neno lako la siri, na saa yako. Jina na neno la siri Bi Mize aliyaelewa upesi. Ni la tatu lililomfanya ainue nyusi.

Fumo alimweleza kwamba zamani mlango uliuliza mawili tu. Kisha akatokea mwizi mmoja, mtu mpole, hodari wa kujibanza chini ya madirisha. Alisikiliza watu wakitamka maneno yao ya siri, akaenda zake, akarudi kesho yake akayatamka vilevile kwa sauti ileile, milango ikamfungukia. Alikula nyumba za watu mpaka akanenepa. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba neno la siri litafungwa pamoja na saa lilipotamkwa, na saa hiyo ikipishana na saa ya mlango kwa zaidi ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, neno limechacha, na mwenye kulileta ni mwizi.

"Si wajinga hao," akasema Bi Mize.

"Nani kasema wajinga?" Fumo akajibu, na alionekana kuudhika kidogo kwa niaba ya nchi yake. "Sheria nzuri sana ile. Mimi mwenyewe nimeisifu barazani."

Basi ikabaki kuhakikisha vikasha vyote vya mahali pamoja vinasema saa ileile. Kurekebisha kwa mkono kulipigwa marufuku, maana anayeweza kujipangia saa anaweza kujipangia saa ya wizi. Badala yake ikajengwa minara nchi nzima. Usawia ni nchi pana. Upande wa Macheo, ulipo mji huu, jua huchomoza watu wa Machweo wakiwa bado wamejifunika shuka, kwa hiyo kila jimbo lina saa yake. Kikasha, popote kilipo, huuliza mnara wa karibu: niko wapi? Mnara hujibu, na kikasha hujipanga chenyewe. Mwenye kikasha haulizwi. Kwani yeye anajua nini?

Bi Mize aliinua macho kwenye mnara wa samawati. Mnara ukasafisha koo.

"Na huu unasema uko wapi?"

"Machweo," akasema Fumo. "Mwisho wa nchi kule, safari ya kuchosha ngamia. Wa kwetu ulianguka wakati wa mvua, wakauleta huu badala yake. Hakuna aliyeuambia kwamba umehamishwa."

"Kwa nini asitokee mtu akauambia?"

"Kazi hiyo ni ya Idara ya Minara. Idara ilipata malalamiko, ikauliza mnara wenyewe: uko wapi? Mnara ukajibu: Machweo. Idara ikatuma fundi Machweo. Fundi alizunguka kule mpaka viatu vikaisha, hakuuona, akarudi akasema umeibwa. Sasa wanamtafuta mwizi."

Bi Mize alijiziba mdomo kwa mtandio asicheke mbele ya mtu mwenye shida. Akauliza mbona basi wengine wanapita langoni salama. Fumo akasema kikasha si kipofu, hakiamini mnara mpya papo hapo; lazima kikae chini yake hasa muda wa kuivisha chungu cha wali, na sauti yake haivuki ukuta. Wapitao hupita tu. Yeye alikaa, na mnara mwingine wa kumrudishia saa yake uko ng'ambo ya milima.

"Ulikaa kwa nini? Mlango huo hapo!"

Fumo aliinamisha kichwa. Alikuwa ametoka kwa wazee wa ukoo wake, ng'ambo ya milima, alikokwenda kuchukua jina, kwa maana Usawia jina la mtoto hutoka kwa wazee wa babake, naye babake hulibeba mdomoni, halisemi kwa mtu yeyote, mpaka alitie kwenye sikio la mtoto. Alifika langoni asubuhi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akaona aibu kumpokea mtoto kwa mikono ile, maana alipoondoka mkewe alikuwa bado mjamzito, na huyo mtoto hajamwona hata siku moja. Akachota maji, akaoga nyuma ya mnara, akabadili nguo, akakaa akauke, akipangapanga namna atakavyomshika. Alipokwenda mlangoni tayari alikuwa mtu wa Machweo.

Bi Mize alivaa viatu vyake. Alivivaa upesi bila kuvifunga, kwa hiyo mjue kwamba jambo lilimgusa.

Kisha akajikung'uta, akaenda langoni. Bawabu, kijana mwenye adabu anayeitwa Jongo, alipomwona hana kikasha aliruka kutoka kitini. "Mgeni! Karibu, bibi, karibu sana!" Akafungua mlango mdogo wa pembeni, ambao Bi Mize alikuwa hajauona, akamtilia maji ya kunywa.

"Huniulizi jina?"

"Mgeni haulizwi, bibi. Ni aibu."

"Wala neno la siri? Wala saa?"

"Mgeni hana saa," akasema Jongo, akashangaa kwamba lazima alieleze. "Asiye na saa atakuwaje na saa mbaya?"

Bi Mize akaingia. Mwenye nyumba yuko nje juani, na mwanamke wa mbali, asiyejulikana hata anakula nini, anapita anavyotaka! Alitikisa kichwa njia nzima hadi kwenye nyumba yenye dirisha la kijani.

Mkewe Fumo, Batuli, alikuwa ameketi dirishani amempakata mtoto, macho nje. Mama yake Batuli, Bi Kiza, alikuwa akifukiza ubani kwa hasira, kama kwamba ubani ndio uliokosea. Walimkaribisha Bi Mize kwa halua na kahawa, na alipowaambia kwamba ametoka kuongea na Fumo, Batuli alimshika mkono asimwachie.

"Anasemaje? Amekula? Ndala zake naziona, mama, ila uso sioni, mnara umenikinga."

"Amekula. Amevaa kanzu mpya."

Batuli akaanza kulia. Bi Kiza akamwambia aache, maziwa yatakauka. Halafu yule mama akamgeukia Bi Mize kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri. "Mwenzangu, Mungu ndiye aliyekuleta. Sheria yetu ni hii: jua likizama siku ya jina, ngoma ikapigwa, mtoto asiyepata jina anaandikwa kwamba hajafika. Atatambaa, atasimama, atasema, na kila mlango utamwambia hajafika. Jina hutiwa na baba, na baba asipokuwepo, hutiwa na mgeni. Umtie wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Jina lolote. La mama yako, la shangazi yako, hata la jirani."

"Mama, babake yupo pale!" Batuli akapaza sauti. "Na mgeni akimtia jina, ataandikwa mwana wa mgeni. Hatakuwa wa ukoo wa babake tena."

"Afadhali mwana wa mgeni kuliko hajafika."

Bi Mize, kwa desturi yake, aliuliza maswali. Kwa nini mtoto asipelekwe nje kwa babake? Kwa sababu mtoto asiye na jina havuki kizingiti, wala mamake havuki kabla yake. Kwa nini Fumo asilitamke jina kupitia dirishani? Kwa sababu jina linalopigiwa kelele barabarani ni la kila aliyelisikia. Hapana mahali ambapo saa mbaya hutengenezwa? Upo, Ofisi ya Marekebisho iko katikati ya mji, wanatengeneza vizuri kabisa, tena kwa upole. Ila lazima mwenye saa mbaya aende mwenyewe, na ili aende lazima aingie, na ili aingie lazima saa yake iwe nzuri.

"Wangapi wamewahi kutengenezewa?"

"Hakuna," akasema Bi Kiza. "Ndiyo maana ofisi inasifiwa. Haina malalamiko."

Bi Mize akaweka kikombe chini. Aliomba aonyeshwe mwenye kauli ya mwisho, akaelekezwa kwa Msawazishi Mkuu, ambaye ndiye anayesimamia milango yote ya mji.

Huyo alikuwa mzee nadhifu, mnene kiasi, mwenye sauti tamu ya mtu asiyewahi kukatizwa anapoongea. Ofisini kwake palikuwa na picha za minara ukutani, na kikasha chake kilikuwa kikubwa, kimezungushiwa shaba. Alimsikiliza Bi Mize mpaka mwisho, akasema kesi hiyo inavutia mno. Naye Bi Mize akasema kama inavutia, njoo uione. Msawazishi Mkuu hakuwahi kutoka nje ya lango tangu apewe cheo. Kazi yake ilikuwa ndani. Lakini ombi la mgeni Usawia halikataliwi. Akabeba kikasha chake, wakatoka.

Fumo aliwapisha mkekani. Alikuwa na buli la kahawa, akawatilia. Msawazishi Mkuu akakaa, akafungua kikasha mapajani, akaanza.

"Bwana huyu ni nani?"

"Ni Fumo," akasema Bi Mize. "Mkewe anamjua."

"Mke anaujua uso. Uso unaweza kufanana."

"Bawabu anamjua. Wameongea kila asubuhi tangu bawabu aanze kazi."

"Ninamjua sana, mheshimiwa," Jongo akaitikia kutoka langoni. "Hata siku ile aliposafiri alinipa ndizi."

"Bawabu hakuajiriwa kujua," akasema Msawazishi Mkuu kwa upole. "Tukiruhusu mabawabu kujua, kesho watasahau. Mlango hausahau."

Bi Mize akasimama, akaonyesha ardhi. "Tazama kivuli changu. Tazama chako. Tazama chake. Vyote vitatu vina urefu wa saa ileile. Jua limetumulika sote. Huyu atakuwaje saa saba peke yake?"

Msawazishi Mkuu alivitazama vile vivuli kwa heshima, na ninaamini alivutiwa. "Hoja nzuri, mwalimu. Lakini kivuli hakina neno la siri. Kila mtu anacho, hata mbuzi."

"Basi na mnara huu je? Wenyewe unasema uko Machweo. Wewe uko Machweo?"

"Mimi niko hapa."

"Nao uko hapa."

"Mnara uko unaposema uko. Tukiuambia uko kwingine, minara mingine itauliza: na sisi je? Nchi nzima itakesha ikijiuliza iko wapi."

Wakabishana. Na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu, msidhani ni ugomvi. Msawazishi Mkuu hakuwa amepata mtu wa kubishana naye kwa muda mrefu, akakunjua miguu, akaomba kahawa nyingine, akasimulia habari za mwizi wa madirisha mpaka alivyokamatwa. Bi Mize naye, kwa udhaifu wake wa kutaka kujua kila kitu, akamuuliza mwizi alifungwa wapi, na Msawazishi Mkuu akaeleza hilo nalo. Fumo alikuwa akilitazama jua. Kila lilipoteremka, alivuta upindo wa kanzu kama mtu anayeweza kulishika.

"Mheshimiwa," akasema mwishowe, "sina hoja. Mimi nataka kumwona mwanangu tu."

Msawazishi Mkuu alimhurumia. Alimhurumia kweli, macho yalimlowa. Kisha akafunga kikasha chake na kutoa hukumu: sheria ni njema, imewalinda watu, haiwezi kupindwa kwa machozi. Bwana huyu afike Ofisi ya Marekebisho, atahudumiwa mara moja. Akanyanyuka, akapangusa kanzu, akamshukuru Fumo kwa kahawa, akaenda zake langoni.

Jongo alisimama wima. "Jina, mheshimiwa?"

Akataja.

"Neno la siri?"

Akamnong'oneza.

"Saa yako?"

Msawazishi Mkuu akafungua kikasha chake cha shaba bila kukitazama, kwa jinsi alivyofanya kila siku ya maisha yake. Jongo akakitazama. Akakitazama tena.

"Mheshimiwa, wewe ni saa tisa."

"Ni saa kumi na mbili kasoro, Jongo."

"Kwa jua, mheshimiwa. Kwako ni saa tisa kasoro. Umekuwa wa Machweo."

Yule mzee aligeuza kikasha, akakiona. Nadhani wali ungeiva mara mbili katika muda ule waliobishana. "Lakini unanijua, Jongo!"

"Nakujua sana," akasema Jongo, karibu kulia. "Wewe ndiye uliyeniajiri. Ndiyo maana ninaogopa. Mwizi angependa kufanana na nani, kama si wewe?"

"Ninakuamuru ufungue!"

"Anayeamuru ni Msawazishi Mkuu, mheshimiwa. Nami bado sijajua kama ndiye wewe."

Jamani, Bi Mize aliniapia kwamba hakucheka. Mimi ningecheka. Lakini juu ya ukuta mpiga ngoma alikuwa amekwisha kupanda, anaikaza ngozi ya ngoma yake kwa kuipigapiga na vidole, na dirisha la kijani lilikuwa wazi, na Batuli amesimama pale amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili, ili babake amwone japo kwa mbali kabla hajaitwa jina la mtu mwingine. Fumo alikuwa amesogea mbali na mnara, amesimama katikati ya njia, kinywa wazi.

Bi Kiza akatokea nyuma ya bintiye. "Mwalimu!" akaita. "Njoo, jua linazama!"

Bi Mize alipiga hatua kuelekea mlango mdogo wa pembeni. Na pale mlangoni, Jongo alipokwisha kumfungulia tena kwa adabu ileile, likamtoka swali. Hakuwa na hila yoyote, alitaka kujua tu, kama alivyotaka kujua maharage ya jirani yametoka wapi.

"Hebu niambie, baba. Mimi ninakuwa mgeni kwa sababu nimetoka mbali?"

"Hapana, bibi. Wa Machweo wanatoka mbali, na si wageni."

"Kwa sababu hunijui?"

"Mwizi pia simjui."

"Basi kinachonifanya mgeni ni nini hasa?"

Jongo akafikiri. Inaonekana hakuwahi kuulizwa. "Huna kikasha, bibi. Ni hilo tu."

Fumo alisikia. Bi Mize alimwona alivyosikia, maana mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Akarudi mkekani. Akakifunga kikasha chake, taratibu, akakilaza pale juu ya mkeka, akakifunika kwa kile kitambaa alichojifutia alipooga.

"Usifanye hivyo!" akapiga kelele Msawazishi Mkuu. "Wewe mtu, unajua unachofanya? Anayekiacha kikasha ameiacha nchi! Nyumba haitakuwa yako, barazani hutakaa, hutakuwa mtu wa hapa!"

"Mbona tangu asubuhi si mtu wa hapa," akasema Fumo. Akaenda hadi kwenye mlango mdogo, mikono mitupu. "Hodi."

Jongo alimtazama. Alitazama mikono yake, akatazama kwapani, akahakikisha hana kitu. Halafu uso wake ukakunjuka, na naapa hakuna bawabu aliyewahi kusema neno hilo kwa furaha kama ile. "Karibu, mgeni! Karibu sana! Nikupe maji?"

"Baadaye, ndugu yangu!"

Akakimbia. Bi Mize alimfuata mbio na umri wake ule, mtandio mkononi. Wakafika kwenye nyumba yenye dirisha la kijani, na hapo Fumo akasimama ghafla, kwa kuwa mlango ule haukuwa wake tena. Akapiga hodi. Akapiga tena.

"Karibu, mgeni," akasema Batuli, akafungua, akilia na kucheka. "Umetoka mbali?"

"Mbali sana."

Akampa mtoto. Alikuwa wa kike, mdogo, amekunja ngumi, anapiga miayo. Namna zote zile alizozipangapanga chini ya mnara Fumo alizisahau, akamshika ovyo, kichwa kikiegemea kiwiko, mpaka Bi Kiza akamrekebisha huku akinung'unika. "Ataandikwa mwana wa mgeni," alisema yule mama. "Mnajua hilo? Mwana wa mgeni!"

"Aandikwe," akasema Fumo. "Mgeni mwenyewe ni mimi."

Akainamisha mdomo kwenye lile sikio dogo, akanong'ona. Ngoma ikapigwa juu ya ukuta. Mtoto akaacha kupiga miayo, akatulia, kama mtu aliyeitwa. Fumo akainua kichwa, na sasa aliweza kulisema mbele ya watu wote: Tunu. Anaitwa Tunu.

Bi Kiza alikuwa amekiandaa kikasha kidogo cha mtoto, kipya, kimefungwa utepe. Alikishika muda mrefu. Kisha akafungua kabati, akakiweka chini kabisa, chini ya mashuka, akafunga kabati, akaenda jikoni kuwapakulia wageni wake chakula.

Bi Mize alipotoka mjini jua lilikuwa limekwisha zama na mbingu bado nyekundu. Msawazishi Mkuu alikuwa mkekani, pale pale alipokaa Fumo, kikasha cha shaba mapajani. Kando yake kilikuwepo kile kikasha kingine chini ya kitambaa. Mnara ukasafisha koo. Hakuuangalia.

"Amemwahi?" akauliza.

"Amemwahi. Anaitwa Tunu."

"Jina zuri." Kidole chake kilikuwa kikipita kwenye ukingo wa shaba, kwenda na kurudi, na macho yake yalikuwa kwenye mlango mdogo wa pembeni, ambako Jongo alikuwa anawasha taa. "Mwalimu," akasema, na ile sauti tamu ilikuwa imepungua, "mlango ule wa wageni. Wanapokea watu mpaka saa ngapi?"

"Sijui, baba," akasema Bi Mize. "Mimi sikuulizwa saa."